Kutoka Ofisi ya Chekechea hadi Mkeka wa Watoto Wachanga: Uchambuzi wa Kazi ya Malezi Mikinduri

Swali linalochunguzwa hapa linahusu badiliko la kazi ambalo kwa mbali huonekana dogo, nalo ni hatua ya mtu aliyekuwa akisimamia shule ya chekechea kuacha usimamizi huo na kuingia katika kazi ya kuwalea watoto wachanga na wale wanaoanza kutembea. Kwa kuwa wote ni watoto, na kwa kuwa walio wengi huamini kwamba aliyewamudu wakubwa hawezi kushindwa na wadogo, hatua hiyo huchukuliwa kuwa ni kushuka ngazi, au ni kujipumzisha, au ni kuendelea na kazi ile ile kwa sauti ya chini zaidi. Uchambuzi huu unashikilia kwamba dhana hizo zote tatu zina kasoro, kwamba kazi ya malezi ya awali ni taaluma inayojitegemea, na kwamba katika mji wa soko kama Mikinduri, ulio katika eneo bunge la Tigania Mashariki kwenye kaunti ya Meru, kasoro hizo huwagharimu watoto ambao bado hawana maneno ya kulalamika.

Mtoto mchanga, kwa maana inayotumika hapa, ni yule ambaye hajatimiza mwaka mmoja, na mtoto anayeanza kutembea ni yule aliye kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu. Chekechea ni elimu ya miaka miwili inayotangulia shule ya msingi, ambayo katika mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa nchini Kenya kote mwaka 2019, huitwa PP1 na PP2 na huwalenga watoto wa miaka 4 na 5. Kati ya kliniki ya chanjo na darasa la PP1 pana kipindi kirefu ambacho mtoto hana taasisi yoyote inayomsubiri kila asubuhi, na ndani ya pengo hilo ndimo anamoingia msimamizi wa zamani wa chekechea anapoamua kubadili kazi.

Ugumu wa hatua hii hauwezi kueleweka bila kutazama jinsi kazi ya chekechea ilivyojengwa nchini. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, madarasa mengi ya watoto wadogo yalisimamishwa na jamii zenyewe kwa moyo wa harambee, ambapo wazazi walichanga, kanisa au shule ya msingi ikatoa chumba, na mwanamke aliyeaminika kijijini akawa mwalimu. Kati ya mwaka 1971 na 1982 Taasisi ya Elimu ya Kenya, ikisaidiwa na Wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi, iliendesha mradi wa kuandaa mitaala na kuwafunza walimu wa ngazi hiyo. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo, kinachojulikana kwa kifupi chake NACECE, na mwaka uliofuata vikafuata vituo vya wilaya vilivyoitwa DICECE, ambavyo viliwafundisha walimu waliokuwa tayari kazini, hasa wakati wa likizo za shule. Sera ya taifa ya mwaka 2006 ilipanua macho na kumtazama mtoto tangu mwanzo wa uhai hadi miaka 8, lakini fedha, wakaguzi na vyeti viliendelea kwenda pale palipokuwa na darasa, ubao na orodha ya majina. Kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 zilirithi mwelekeo huo huo, zikajenga madarasa na kuajiri walimu wa chekechea, jambo ambalo ni hatua ya kupongezwa, ingawa liliimarisha zaidi imani kwamba malezi ya awali huanza siku mtoto anapovaa sare.

Matokeo ya historia hiyo ni kwamba msimamizi wa chekechea amefinyangwa na shule. Anajua kuandaa ratiba ya juma, kugawa madarasa, kuagiza unga wa uji na kuni, kuweka hesabu za karo, kumpokea afisa wa ubora na viwango, kuongoza mkutano wa wazazi na kuwatayarisha watoto kwa ajili ya gredi ya kwanza. Ustadi huo wote umejengwa juu ya kundi, kwani mafanikio yake hupimwa kwa kutazama watoto 30 wakiketi pamoja, wakiimba pamoja na kula pamoja kwa saa moja iliyopangwa. Mtoto mchanga hapimiki kwa kipimo hicho. Hana kundi, hana saa, na hawezi kusubiri zamu yake, kwa sababu uwezo wa kusubiri ni miongoni mwa mambo ambayo ubongo wake bado haujayajenga.

Ni vyema kutazama hali ya Mikinduri yenyewe kabla ya kuingia katika kiini cha tofauti hiyo. Mji huu uko katika nchi ya Watigania, mojawapo ya jamii za Wameru, kwenye miteremko ya safu ya Nyambene, mahali ambapo miraa, mahindi, maharagwe na ndizi hukua pamoja, huku majani chai yakistawi kwenye sehemu za juu zenye baridi. Miraa ni zao lisilovumilia kucheleweshwa, kwa kuwa jani lake hupoteza nguvu na bei ndani ya siku mbili hivi baada ya kuchumwa, na kwa hiyo kazi yake huanza alfajiri na kufuata mwendo wa magari yanayokimbilia Nairobi. Kwa jadi zao hilo limekuwa mikononi mwa wanaume, ilhali chakula cha nyumbani, uchumaji wa chai kwa sehemu kubwa na uuzaji wa mboga, nafaka na ndizi sokoni vimekuwa mikononi mwa wanawake, ambao hutoka nyumbani mapema wakiwa na mzigo mgongoni na swali la nani atakayebaki na mtoto. Soko la miraa pia lina misukosuko yake, kama ilivyodhihirika Uingereza ilipolipiga marufuku zao hilo mwaka 2014, na tena biashara na Somalia iliposimama mwaka 2020 hadi ilipofunguliwa Julai 2022. Pato la miraa linapoyumba, ni jambo la kutarajiwa kwamba mapato ya mama sokoni huwa mhimili wa nyumba, na saa zake nje ya nyumba huongezeka.

Jibu la zamani la swali la nani abaki na mtoto lilikuwa nyanya, shangazi au dada mkubwa wa mtoto. Beth Swadener, Margaret Kabiru na Anne Njenga, katika kitabu chao cha mwaka 2000 kuhusu mabadiliko ya malezi nchini Kenya, walionyesha jinsi mtandao huo wa jamaa ulivyokuwa ukilegea chini ya uzito wa kazi za ujira, uhamaji na mabadiliko ya familia. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza mwaka 2003, ilimpeleka dada mkubwa darasani, mahali anapostahili kuwa, na kwa tendo hilo la haki ikaondoa mlezi ambaye hakuna aliyemhesabu. Nyanya naye mara nyingi bado analima, bado anauza, na hana tena nguvu za kumkimbilia mtoto wa miezi kumi na minane anayeelekea mekoni. Hivyo basi ndivyo vinavyozaliwa vituo vya nyumbani, ambapo mama mmoja huchukua watoto wa wenzake kwa malipo madogo ya kila siku, na ndivyo pia msimamizi wa chekechea anavyoanza kuombwa na wazazi awapokee wadogo wa watoto ambao tayari anawafundisha.

Afrika Mashariki ina nafasi ya pekee katika elimu ya dunia kuhusu watoto wachanga, jambo ambalo walimu wengi wa eneo hili hawajaambiwa. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa nadharia ya uambatano, yaani maelezo ya jinsi mtoto anavyojenga kifungo cha imani na mtu anayemlea, alifanya utafiti wake wa kwanza wa nyanjani katika vijiji vya karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955, akizitembelea familia 26 za Waganda na kuwatazama watoto wao, na akachapisha kitabu chake mwaka 1967. Aliona kwamba watoto waliokuwa na uambatano salama, waliomtumia mama kama ngome ya kutokea na kurudi, walikuwa na akina mama wenye sifa moja ya kushangaza: waliweza kumsimulia mgeni mambo ya mtoto kwa undani, alivyolala, alivyokula, kilichomchekesha na kilichomwogopesha. Kuwa na walezi kadhaa hakukuonekana kumdhuru mtoto. Kilichotenganisha watoto waliotulia na wale waliohangaika kilihusiana na kiasi cha malezi waliyopewa na umakini wa yule aliyewaangalia. Ugunduzi huo una uzito kwa mjadala huu, kwa sababu unampa msimamizi anayebadili kazi kipimo kipya cha kujipima: je, jioni mama anapofika kutoka sokoni, mlezi anaweza kumsimulia siku nzima ya mtoto wake mmoja, au anaweza tu kusema kwamba mtoto hakusumbua?

Utafiti wa karibu zaidi na Meru ulifanyika Embu, ng'ambo ya Tharaka-Nithi. Katikati ya miaka ya 1980, kundi la watafiti likiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi lilichunguza uhusiano wa lishe na ukuaji katika familia za wakulima wa wilaya hiyo, kazi iliyopitia kipindi kigumu cha ukame wa mwaka 1984. Ndani ya mradi huo, Marian Sigman na wenzake waliwatazama majumbani zaidi ya watoto 100 waliokuwa wakianza kutembea, wakiandika nani aliyezungumza na mtoto, nani aliyemjibu alipotoa sauti, na mazungumzo hayo yalidumu kwa muda gani, kisha wakawapima watoto hao kwa kipimo cha Bayley, ambacho huonyesha maendeleo ya akili na ya mwili katika miaka ya mwanzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1988 yalibainisha kwamba watoto waliosemeshwa mara kwa mara, waliojibiwa walipotoa sauti, na walioshiriki na watu kwa muda mrefu bila kukatizwa, walifanya vizuri zaidi kuliko wenzao. Watoto hawa hawakuwa wa mji mkuu wala wa nyumba zenye vitabu na vichezeo vya dukani; walikuwa watoto wa mashamba ya mahindi na maharagwe, wa ardhi inayofanana na ile ya Tigania. Kwa hiyo hakuna hoja ya kusema kwamba mazungumzo na mtoto mchanga ni desturi ya kigeni inayohitaji vifaa vya kigeni. Huo ni ushahidi uliochumwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, na ni aibu ya taaluma kwamba haujawa sehemu ya mazungumzo ya kila siku ya walezi wa eneo hili.

Kutokana na ushahidi huo, tofauti kati ya kazi ya zamani na kazi mpya inaweza kuelezwa kwa uwazi zaidi. Ya kwanza ni tofauti ya wakati. Chekechea hukata siku vipande: kukusanyika, hesabu, mchezo, uji, lugha, kwenda nyumbani. Kwa mtoto wa miezi minane, kubadilishwa nepi ndilo somo la lugha, kulishwa ndilo somo la hesabu na la urafiki, na kuogeshwa ndilo somo la mwili wake mwenyewe. Daktari Emmi Pikler, aliyeanzisha makao ya watoto wachanga katika mtaa wa Lóczy mjini Budapest mwaka 1946, alijenga mfumo mzima juu ya wazo hilo: mlezi humweleza mtoto anachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, husubiri mwitikio wake, hata kama ni kunyoosha mkono tu, na hamharakishi. Msimamizi aliyezoea kuona huduma za mwili kuwa ni kazi ya msaidizi, kitu cha kumalizwa haraka ili masomo yaendelee, hulazimika kupindua fikra zake kabisa, kwa kuwa katika kazi mpya huduma hizo ndizo masomo.

Tofauti nyingine ni ya hesabu ya watu. Nchini Uingereza kanuni inataka mlezi 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, na nchini Marekani chama cha kitaifa cha elimu ya watoto wadogo hupendekeza kwamba mlezi 1 asizidishe watoto wachanga 4. Viwango hivyo havikutoka katika anasa. Mtu mwenye mikono miwili, watoto wawili wakilia kwa njaa na wa tatu akiwa amejisaidia, tayari amefika mwisho wa uwezo wake, na anayempokea wa sita, wa saba au wa kumi hulazimika kuwafundisha baadhi yao kwamba kilio hakijibiwi. Mtoto akijifunza hilo hunyamaza, na ukimya wake hudhaniwa kuwa ni utulivu. Hapa ndipo mazoea ya chekechea yanapodanganya zaidi, kwa kuwa chumba kilichonyamaza, ambacho kwa mwalimu wa PP2 ni ishara ya nidhamu, kwa watoto wa chini ya miaka miwili kinaweza kuwa ishara ya watoto waliokata tamaa ya kuitikiwa.

Lugha nayo inahitaji uangalifu. Wazazi wengi hupima chekechea nzuri kwa Kiingereza kinachosikika dirishani, na wasimamizi, wakishindania wanafunzi, hujibu mahitaji hayo. Mtoto mchanga wa Mikinduri anahitaji kusikia Kimeru cha Kitigania kinachozungumzwa nyumbani kwao, pamoja na nyimbo zake za kubembeleza na majina yake ya vitu, kwa sababu maneno ya kwanza hujengwa juu ya sauti ambazo amezisikia tangu tumboni, na kwa sababu mlezi huweza kujibu kwa wepesi na kwa upole zaidi katika lugha aliyolelewa nayo. Mtaala wenyewe unatambua lugha ya eneo kuwa lugha ya kufundishia katika miaka ya mwanzo. Kituo cha watoto wachanga ndipo mahali pa mwisho pa kuivunja kanuni hiyo.

Kisha kuna chakula, usingizi na maradhi, mambo ambayo msimamizi wa chekechea huyajua kwa juu juu. Mtoto wa chini ya miezi 6 anastahili maziwa ya mama pekee, na utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 uliripoti kwamba asilimia 60 ya watoto wa umri huo nchini Kenya walikuwa wakinyonyeshwa hivyo, ilhali asilimia 18 ya watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi mno kwa umri wao kutokana na upungufu wa muda mrefu wa lishe na marudio ya maradhi. Mlezi anapaswa kujua jinsi ya kupokea maziwa yaliyokamuliwa, kuyahifadhi mahali pa baridi na safi, na kumpa mtoto kwa kikombe badala ya chupa, ambayo huwa ngumu kusafishwa na huwa njia ya kuhara. Anapaswa kujua kwamba mtoto baada ya miezi 6 hahitaji uji mwepesi wa kumjaza tumbo tu, na kwamba ndizi, nduma, maharagwe yaliyopondwa, yai na mboga za majani za Tigania ni hazina iliyo mlangoni. Anapaswa kumlaza mtoto chali, kuondoa punje za mahindi na maharagwe sakafuni ili asipaliwe, kuosha mikono baada ya kila nepi, na kutambua pumzi za haraka, macho yaliyozama na homa isiyoshuka kabla mambo hayajaharibika. Haya yote hufundishika. Hayafundishwi, hata hivyo, katika kozi nyingi za chekechea kwa kina kinachohitajika, na mtu mwenye stashahada anaweza kuingia katika kazi mpya akiwa hajawahi kumlisha mtoto wa miezi saba chini ya usimamizi wa mjuzi.

Lingekuwa kosa kumwona msimamizi huyo kama mtu anayeanza na mikono mitupu. Anachobeba kutoka ofisini ni kitu ambacho vituo vingi vya nyumbani havina: anajua kuandikisha taasisi, kutunza fedha za watu bila manung'uniko, kuajiri na kumsimamia msaidizi, kukagua choo na lango, kuzungumza na mzazi aliyekasirika, na kumkabili mzazi asiyelipa bila kumfukuza mtoto. Mashirika kama Kidogo, lililoanzia katika mitaa ya mabanda ya Nairobi na ambalo huwaunga mkono wanawake wenye vituo vidogo vya kulelea watoto, yamejenga kazi yao kwa kutambua kwamba walezi wengi wana upendo na uzoefu lakini wanahitaji mafunzo, ushauri na nidhamu ya biashara. Msimamizi wa zamani anayo sehemu ya pili tayari. Anachopaswa kuongeza ni ile ya kwanza, nayo haipatikani kwa semina ya siku moja, bali kwa miezi ya kukaa sakafuni, kutazama na kuandika. Hata daftari lake hubadilika: badala ya alama ya kuwepo na kutokuwepo, linaanza kubeba saa ya kunyonya, kiasi kilicholiwa, muda wa usingizi, hali ya choo, na neno jipya lililosikika leo. Daftari la namna hiyo ndilo linalomwezesha mlezi kuwa msimulizi wa aina ile ambayo Ainsworth aliikuta Uganda.

Wapo wanaopinga wazo zima la vituo, wakisema kwamba mahali pa mtoto mchanga ni kifuani kwa mama, na hoja yao haistahili kubezwa. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi mwanamke likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye malipo kamili, ambayo ni nusu ya muda wa kunyonyesha pekee, na mama anayeuza ndizi sokoni au anayechuma chai kwa kilo hana hata miezi hiyo mitatu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 huwataka waajiri kuwatengea akina mama mahali pa kunyonyeshea kazini, lakini soko la wazi halina mwajiri wa kumdai chumba. Anayemtetea mtoto aliye kifuani kwa mama, kama anamaanisha asemacho, ana wajibu wa kutetea kituo kilicho karibu na soko, kinachofunguliwa alfajiri na ambacho mama anaweza kukifikia kwa miguu kila mtoto anapohitaji kunyonya. Kituo cha namna hiyo hakimtenganishi mama na mtoto. Kinazuia utengano ambao umaskini ungeulazimisha.

Ugumu unaobaki ni wa hadhi na malipo, na hapa ukweli unapaswa kusemwa bila kuupamba. Mwalimu wa chekechea aliyeajiriwa na kaunti ana mshahara, ana namba ya usajili, na mtaani huitwa mwalimu kwa heshima. Akihamia kwa watoto wachanga, watu huanza kumwita yaya, na kipato chake hutegemea sarafu za akina mama ambao wenyewe hawana. Jamii humheshimu mtu kwa kadiri umri wa anaowahudumia unavyopanda, ngazi ambayo inakwenda kinyume kabisa na kile ambacho elimu ya ubongo inasema kuhusu uzito wa miaka mitatu ya mwanzo. Mpaka malipo yabadilike, kila mwanamke mwenye ujuzi anayefanya uhamisho huu anatoa ruzuku kwa taifa kutoka mfukoni mwake, na si haki kuutukuza moyo wake wa kujitolea ili kukwepa kumlipa.

Njia ya kutoka hapo ipo katika maandishi ya sheria za nchi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linaiweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto katika mstari mmoja wa majukumu ya serikali za kaunti, na kwa hiyo kaunti inayojenga darasa la PP1 bila kushughulikia kituo cha walio chini ya miaka mitatu imetekeleza nusu ya wajibu wake. Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria ya vituo vya kulelea watoto mwaka 2017. Kwa upande wa afya, Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 iliwapa wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao huzitembelea kaya moja baada ya nyingine, nafasi inayotambuliwa kisheria, na kijitabu cha afya ya mama na mtoto tayari kina kurasa za chanjo, uzito na hatua za ukuaji ambazo mlezi yeyote anaweza kuzisoma pamoja na mzazi. Nchini Tanzania, Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imekusanya afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi na usalama chini ya mpango mmoja, kwa kufuata mfumo ambao Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia waliutangaza mwaka 2018. Mgawanyo wa zamani, ambao ulimkabidhi mtoto wa chini ya miaka mitatu kwa wizara ya afya kama mwili na mtoto wa miaka minne kwa wizara ya elimu kama akili, hauna tena utetezi wowote wa kitaaluma.

Kwa Mikinduri, hatua za mwanzo haziilazimishi kaunti kusubiri msaada wa nje. Meru inaweza kuandikisha vituo vya nyumbani vilivyopo bila kuvitisha kwa kufungwa, ikaweka kikomo cha idadi ya watoto kwa kila mlezi, ikatambua cheti cha malezi ya watoto wachanga kwa ngazi ya mshahara isiyopungua ile ya mwalimu wa chekechea, na ikatenga chumba safi chenye maji katika kila soko jipya inalolijenga au kulikarabati. Msimamizi wa chekechea anayetaka kuhamia kazi hii naye anaombwa asianze kwa kubandika maandishi mapya langoni, bali aanze kwa kukaa na watoto watatu, kwa muda wa kutosha kuweza kumsimulia kila mama habari za mtoto wake, kabla ya kumpokea wa nne.